Nele Neuhaus na Riwaya za Taunus

Nele Neuhaus, mmoja wa waandishi wa riwaya za upelelezi wanaosomwa sana Ujerumani, alizaliwa mwaka 1967 mjini Münster akiitwa Cornelia Löwenberg. Akiwa na miaka 11, familia yake ilihamia Taunus, eneo la vilima na misitu karibu na Frankfurt, ambako baba yake alikuwa mkuu wa wilaya. Alisoma sheria, historia na fasihi ya Kijerumani chuoni, akafanya kazi katika kampuni ya matangazo, kisha akaolewa na mwenye kiwanda cha soseji na kusaidia kukiendesha. Aliandika pale shughuli za kiwanda zilipompa nafasi.

Mwaka 2005 aligharimia mwenyewe uchapishaji wa riwaya yake ya kwanza, Unter Haien, nakala 500. Hadithi hiyo inahusu matajiri wa New York. Riwaya mbili zilizofuata, Eine unbeliebte Frau (2006) na Mordsfreunde (2007), zilirudi nyumbani Taunus: ya kwanza inaingia kwenye mazizi ya farasi, ya pili inaanza na maiti katika bustani ya wanyama ya Kronberg. Neuhaus aliziuza kiwandani na kuzipeleka mwenyewe kwenye maduka ya vitabu ya jirani. Wenyeji walizichangamkia, kwani vijiji na barabara zinazotajwa humo ni zao. Mauzo hayo yaliivutia kampuni ya Ullstein ya Berlin, ikampa mkataba mwaka 2008.

Mfululizo wa riwaya za Taunus unawafuata wapelelezi wawili wa kituo cha Hofheim: Oliver von Bodenstein, mtulivu mwenye asili ya kikabaila, na Pia Kirchhoff, anayefuga farasi. Kila kisa hufukua jambo ambalo jamii ingependa lisahaulike. Katika Tiefe Wunden (2009), mzee anayejulikana kuwa Myahudi aliyenusurika mauaji ya halaiki anauawa, na uchunguzi wa maiti unaonyesha chale ya kikosi cha SS cha Wanazi. Schneewittchen muss sterben (2010), iliyomletea umaarufu hadi nje ya nchi, inasimulia kuhusu kijana anayerejea kijijini baada ya miaka kumi gerezani kwa mauaji, na wanakijiji wenye sababu zao za kunyamaza. Nyingine zinagusa mitambo ya umeme wa upepo, unyanyasaji wa watoto na upandikizaji wa viungo.

Vitabu vyake vimetafsiriwa kwa lugha nyingi na kuuzwa kwa mamilioni, na televisheni ya ZDF ilianza kuonyesha filamu zilizotokana navyo mwaka 2013. Kando ya upelelezi, ameandika vitabu vya vijana kuhusu farasi, na riwaya za msichana Sheridan Grant wa Marekani, ambazo za kwanza alizitoa kwa jina lake la kuzaliwa, Löwenberg. Ameanzisha pia wakfu wenye jina lake unaowasaidia watoto na vijana kujenga lugha na kupenda kusoma.