Kujikinga na Wizi wa Utambulisho Baada ya Taarifa Kuvuja

Mtu aliyeibiwa baiskeli hutambua asubuhi ile ile kwamba haipo. Aliyeibiwa utambulisho hapungukiwi na kitu: kitambulisho chake kingali mfukoni. Hutambua siku anapodaiwa mkopo asioukopa, au anapohojiwa juu ya laini ya simu asiyoijua.

Taarifa huvujaje?

Njia ya kwanza ni kuvunjwa kwa ghala kubwa la kumbukumbu. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo hutunza kumbukumbu za wakopaji, iliingiliwa kupitia kasoro ya programu iliyokwisha kujulikana, na ambayo marekebisho yake yalikwisha kutolewa. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilichukuliwa.

Njia ya pili ni ndogo, lakini iko karibu zaidi. Mkazi wa Kisarawe hutoa kopi ya kitambulisho dukani, na ile iliyotoka vibaya akaiacha mezani. Kijana wa Kibaha hupiga picha kitambulisho chake na kumtumia mtu asiyemjua anayedai kumtafutia kazi.

Namba husema mengi

Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeiona namba hiyo ameijua tarehe. Sasa namba ya siri yenye tarakimu 4 inaweza kupangwa kwa namna 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10,000. Lakini wako watu wengi wanaotumia mwaka wao wa kuzaliwa, au siku na mwezi. Kwa watu hao, tapeli hahitaji kujaribu mara 10,000. Mara mbili tatu zinamtosha.

Aidha, tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Kwa hiyo kidole ni ufunguo wa laini, na laini ni ufunguo wa fedha zilizomo katika simu. Ndiyo sababu wakala asiye mwaminifu humwambia mteja kwamba mashine imekataa, aweke kidole tena. Kumbe mara ya pili anasajili laini nyingine kwa jina la mteja huyo.

Hatua za kuchukua

Hapana budi kutofautisha vitu viwili. Namba ya siri ikivuja hubadilishwa. Tarehe ya kuzaliwa na alama za vidole hazibadilishwi. Kwa hiyo kinachobadilika kibadilishwe mara moja, na kisichobadilika kifanyiwe ulinzi wa kudumu:

1. Badili namba za siri zote, wala usitumie tarehe yoyote ya maisha yako.
2. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, mwombe mtoa huduma aifute.
3. Simu ikipoteza mtandao ghafla huku za jirani zinafanya kazi, nenda kwa mtoa huduma siku hiyo hiyo. Huenda laini yako imehamishiwa kadi nyingine.
4. Usimtajie mtu yeyote namba ya siri, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.
5. Kopi zilizoharibika zichanwe. Kopi unayotoa iandikwe tarehe na shughuli yake.
6. Hasara ikitokea, toa taarifa polisi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtia hatiani anayejifanya mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawabana wanaokusanya taarifa, na mwananchi aweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Zoezi la darasani

Wanafunzi wahesabu: namba ya siri ya tarakimu 6 ina mipangilio mingapi? Je, ikiwa ni tarehe ya kuzaliwa ya mtu mwenye umri kati ya miaka 15 na 80, imebaki mingapi? Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo zawadi anayopewa mwizi.