Besi ya Sabufa Kwenye Buti la Gari

Sauti ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7, refu kuliko gari dogo lenyewe. Ndiyo maana kusogeza au kugeuza sabufa ndani ya buti hubadilisha mlio kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye gari la saluni, spika ikielekezwa nyuma, karibu na mlango wa buti, besi mara nyingi huwa nzito zaidi.

Boksi lililozibwa kabisa hutoa besi kavu. Lenye tundu huvuma zaidi, ila vipimo vikikosewa mlio huvurugika. Kabla ya kununua amplifaya kubwa, afadhali kujaribu kubadilishana waya za chanya na hasi za sabufa: ikisukuma hewa wakati spika za mbele zinavuta, besi hufifia. Kibao cha namba kinachotetemeka hutulizwa kwa sponji.