SAA MOJA TU: BABA ANAPOPELEKA MBEGU KUPIMWA



Ndugu wasomaji, katika familia zetu za Karagwe na Kyerwa, ndoa ikipita miaka miwili bila mtoto, macho yote humgeukia mama. Ni yeye anayenyweshwa mizizi, na mara nyingine ni yeye anayerudishwa kwao. Baba hapimwi. Kumbe katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, baba naye ana sehemu yake. Kwa hiyo tunafurahi tuwaonapo akina baba wakikubali kupimwa. Mwezi huu tunaeleza kosa moja linaloharibu kipimo hicho.

Bwana mmoja alitoka mbali, upande wa Murongo. Alfajiri aliweka manii katika chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, akaizungushia barafu, akapanda pikipiki. Alifika maabara saa tano. Chini ya darubini haikuonekana hata mbegu moja inayotembea. Bwana huyu alikuwa na binti wa miaka sita. Usiku ule alimwuliza mkewe: "Huyu mtoto ni wa nani?"

Tuliwaita wote wawili. Mara ya pili sampuli ilipatikana palepale hospitali, ikapimwa mapema. Mbegu zilikuwa hai, zikitembea. Hazikufia mwilini mwake, zilifia njiani. Kosa lilikuwa letu pia, maana hakuna aliyemweleza mapema.

Kwa nini hufa upesi?

Manii yakitoka huwa mazito, kisha huyeyuka kwa muda wa nusu saa hivi. Hapo ndipo mpimaji huhesabu mbegu na kutazama mwendo wake. Baridi huzilegeza, jua kali huziua, na kadiri saa zinavyopita mwendo hupungua. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kianze ndani ya nusu saa, na kisichelewe kupita saa moja.

Wafugaji hutuuliza: "Mbona mbegu za fahali hutoka kituo cha Usa River, Arusha, zikafika huku zikiwa hai?" Swali zuri. Zile huchanganywa na dawa ya kuzikinga, kisha hugandishwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Barafu ya dukani au friji ya nyumbani haifanyi kazi hiyo. Marekani siku hizi kuna makampuni yanayompelekea mtu kikasha chenye dawa ya kuhifadhi, akarudisha sampuli kwa posta. Usijaribu kutengeneza dawa ya namna hiyo nyumbani.

Ufanye nini?

1. Kaeni bila tendo la ndoa siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo.
2. Omba chombo safi cha maabara. Chupa ya soda au ya dawa haifai. Kondomu ya kawaida pia haifai, kwani huharibu mbegu.
3. Kama nyumbani ni mbali, lala karibu na hospitali. Ukiwa karibu, beba chombo ndani ya shati, kiguse mwili.
4. Andika jina na saa kamili. Kama kiasi kimemwagika, sema.
5. Kama uliugua homa kali miezi mitatu iliyopita, sema. Mbegu huchukua siku 70 hivi kutengenezwa, na homa huzipunguza.
6. Usikate tamaa kwa karatasi moja. Kipimo hurudiwa.

Waamini wengi huuliza kuhusu dhambi. Kanisa halikatazi kutafuta chanzo cha ugumba. Linachojali ni namna sampuli inavyopatikana. Papa Pius XII alikataa mwaka 1956 njia ya kujichua. Wataalamu wa maadili wa Kikatoliki hukubali mfuko maalumu usio na dawa, wenye tundu dogo, unaotumika katika tendo la ndoa. Ongeeni na daktari na padre wenu kabla ya siku ya kipimo.

Akina baba, njooni pamoja na wake zenu. Na karatasi ya maabara isiwe fimbo ya kumpigia mama, wala ya kumkana mtoto. Kwanza ulizeni: sampuli ilifika saa ngapi?

Tuonane mwezi ujao.