Milimita 31 Zinazoiongoza Ndege

Ndege ya mfano inayoongozwa kwa redio ikitua vibaya, macho yote hukimbilia bawa lililopasuka. Gundi hutafutwa, bawa huungwa, na jioni ileile kijana wako huirusha tena. Pengine, ndugu msomaji, hakuna aliyechungulia tumboni mwake, ambako waya mwembamba utokao kwenye kipokezi umekatika. Ndege hiyo itapaa vizuri, itakwenda mbali, kisha itaacha kutii. Chombo cha kilo moja, chenye panga boi linalozunguka kwa kasi, kikiangukia penye watoto hakiitwi tena mchezo.

Katika vipokezi vya zamani vya megahezi 27, 35 au 72, antena ilikuwa waya wa karibu mita moja. Ukikatika uliungwa kwa risasi, mradi urefu wake ubaki uleule wa kiwandani. Wapo walioufupisha kwa kuwa uliwaudhi, kisha wakailaumu betri.

Vipokezi vingi vya siku hizi hutumia gigahezi 2.4. Mawimbi ya redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde. Ukigawanya mwendo huo kwa mitikisiko bilioni 2.4, wimbi moja huwa na urefu wa milimita 125. Robo yake ni milimita 31, na aghalabu huo ndio urefu wa ncha ya antena iliyo wazi. Sehemu iliyobaki, yenye ala ya nyuzi za shaba, husafirisha tu kile ambacho ncha imekinasa.

Kama ni ncha peke yake iliyokatika, una bahati. Chukua rula na wembe mpya. Pima milimita 31 kutoka mwisho wa waya, zungushia wembe ganda la nje polepole, ulivue pamoja na nyuzi zake za shaba, na kuliacha ganda la ndani likiwa zima. Wembe ukiuchubua waya wa katikati, kata hapo uanze upya. Waya mzima kupungua kidogo hakudhuru. Kinachodhuru ni ncha kuzidi au kupungua.

Ukikatika karibu na kipokezi, usisokote vipande viwili na kuvifunga utepe kama tufanyavyo kwa redio ya sebuleni. Ala ikigusana na waya wa ndani, mawimbi hufia hapo. Baadhi ya antena hubanwa kwa kitufe kidogo. Nunua nyingine ya aina ileile. Iliyolehemiwa mpelekee fundi redio mwenye mkono mtulivu.

Wakati wa kuirudisha, iweke mbali na mota, betri na vipande vya kaboni, kwa maana kaboni huziba mawimbi. Zikiwa mbili, zilaze kwa pembe ya nyuzi 90.

Kisha laja jambo ambalo vijana hawalipendi: kujaribu chini kwanza. Vua panga boi. Weka rimoti katika hali ya nguvu ndogo, ambayo rimoti nyingi zinayo. Mmoja aishike ndege na kuigeuza kila upande. Mwingine arudi nyuma hatua 30 hivi, au kama kijitabu chake kinavyoagiza, akichezesha usukani. Mkia ukisita hata mara moja, ndege irudi mezani.