SOMA KARATASI YA SABUNI KABLA YA KUOGA

Sabuni na mafuta ya kujipaka huwa na maneno mengi kwenye karatasi au kopo lake. Mafuta mengine yameandikwa kafeini. Neno hilo lisikutishe. Kafeini ndiyo iliyomo katika kahawa ya Bukoba na katika majani ya chai. Ikiwa kidogo ndani ya mafuta, watu wengi haiwadhuru. Ukiona mafuta hayo yanakuwasha, acha kuyapaka.

Neno la kuogopa ni zebaki. Zebaki ni yale maji mazito yanayong'aa, ambayo wachimbaji wa Geita huyatumia kukamata dhahabu. Hutiwa pia katika baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua, kwa sababu huzuia ngozi kutengeneza rangi yake.

Katika miaka ya 1990 wataalamu kutoka Japani walipima nywele za watu wa kwetu: wachimbaji wa dhahabu, wavuvi na familia zao, na wakazi wa mji wa Mwanza. Zebaki nyingi ilionekana kwa baadhi ya wachimbaji. Lakini ilionekana pia kwa baadhi ya wavuvi na watu wa mjini. Hao hawakuipata mgodini. Waliipata katika sabuni ya kuogea.

Utasema, mbona sabuni huoshwa ikaisha? Povu huoshwa, lakini zebaki hupenya ngozi na kuingia katika damu. Huharibu figo. Huleta ganzi, hutetemesha mikono, huondoa usingizi. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, lakini vingine bado hufika sokoni kwa magendo. Kwa hiyo soma. Kwa Kiingereza zebaki huandikwa MERCURY, au kwa herufi mbili tu, Hg. Zitafute herufi hizo polepole, moja moja. Krimu isiyoandikwa kitu usiinunue, hata ikiwa ya bei ndogo.

Kama unayo nyumbani, acha leo. Usiitupe ziwani, maana zebaki huingia katika samaki, nasi tukaila. Usiichome moto, maana moshi wake ni sumu. Ifunge vizuri, uiweke mbali na watoto, umwulize Bwana Afya pa kuipeleka. Kama mikono inatetemeka au uso umevimba, nenda zahanati, na uchukue karatasi ya sabuni hiyo. Mganga akiisoma atajua pa kuanzia.