Je, Yesu alidai uungu na kukubali kuabudiwa? Sehemu ya pili: Swali la Kayafa

Wiki iliyopita tuliishia kwenye Yohana 10:30, aya ambayo Wakristo wengi huitoa kama turufu. Nilieleza kwa nini mimi siitegemei: katika sura ya 17 ya kitabu hicho hicho Yesu anawaombea wanafunzi wake wawe na umoja kama ule alio nao yeye na Baba, na hakuna Mkristo anayefundisha kwamba mitume walikuwa miungu. Wale wa upande wa pili nao wana Marko 10:18, pale Yesu anapomuuliza tajiri sababu ya kumwita mwema, hali mwema ni Mungu peke yake. Hapo Yesu hajakana wala hajakiri. Ameuliza swali, na tajiri hakulijibu.

Yeyote aliyewahi kusimama kusikiliza mihadhara ya dini, ile iliyoshika kasi nchini Tanzania miaka ya 1980, anaijua changamoto inayotolewa karibu kila mara: toa aya moja ambayo Yesu anasema yeye ni Mungu na aabudiwe. Aya yenye maneno hayo haipo. Mkristo anayejua Biblia yake akubali hivyo mapema, asizunguke. Ila changamoto yenyewe ina ufa. Waislamu na Wakristo wote wanakubali kwamba Yesu ni Masihi. Qurani inamwita hivyo waziwazi. Sasa mtafute Yesu akijitangaza Masihi hadharani katika Injili tatu za kwanza. Petro anapomkiri hivyo, katika Marko 8:30, wanafunzi wanaonywa wasimwambie mtu. Tungetumia kipimo kile kile cha "toa aya anayosema mwenyewe mbele ya watu", hata cheo ambacho pande zote mbili zinampa kingetikisika. Mtu huyu hakuwa na desturi ya kujieleza kwa matamko, na anayemtafuta kwenye matamko atamkosa.

Tuje kwenye kuinama. Hoja hii inapendwa sana, na inahitaji kuchujwa vizuri. Mathayo anatuonyesha watu wengi wakianguka mbele ya Yesu: mwenye ukoma katika 8:2, mkuu aliyefiwa na binti katika 9:18, mwanamke Mkanaani katika 15:25, mama wa wana wa Zebedayo katika 20:20. Mhubiri huzisoma aya hizi mfululizo, kisha anahitimisha kwamba Yesu aliabudiwa na hakukataa. Angoje kidogo. Yakobo aliinama mpaka nchi mara saba mbele ya Esau. Abrahamu aliwainamia Wahiti alipokuwa akitafuta mahali pa kumzika Sara. Katika 1 Nyakati 29:20 mkutano mzima unainama mbele za Bwana na mbele ya Mfalme Daudi, kwa kitendo kimoja, na mwandishi haoni tatizo. Katika Mathayo mwenyewe, sura ya 18, mtumwa mwenye deni kubwa anaanguka mbele ya bwana wake kuomba muda. Msomaji Mwislamu naye anaikumbuka Sura Yusuf 12:100, ambapo wazazi na ndugu wa Yusuf walimwangukia kwa kusujudu, wala hakuna mfasiri wa Qurani anayesema walimfanya mungu. Mama Mkanaani alikuwa na mtoto mgonjwa. Tusimbebeshe theolojia ambayo hakuja nayo.

Kuna jambo jingine ambalo wahubiri hulipita haraka. Mkuu yule wa 9:18, ambaye Marko anamtaja kwa jina la Yairo, kwa Marko anaanguka tu miguuni pa Yesu. Kisa cha kutembea juu ya maji kinaishia, katika Marko 6:51-52, na wanafunzi walioduwaa na mioyo yao ikiwa mizito. Mathayo 14:33 anakimalizia kisa hicho hicho kwa wanafunzi kumsujudia Yesu ndani ya chombo na kumkiri kuwa Mwana wa Mungu. Wasomi wengi wanakubali kwamba Mathayo aliandika baada ya Marko na alikuwa na kitabu chake mkononi. Alijua mwisho wa habari, na alisimulia kama mtu anayejua mwisho. Kwa hiyo aya hizi zinatufundisha mengi kuhusu namna Mathayo na kanisa lake walivyomwona Yesu. Kuhusu kilichokuwa moyoni mwa kila aliyeinama, zinatufundisha machache.

Hata Yohana 9:38, kipofu aliyeponywa akimsujudia Yesu, isibebeshwe mzigo mkubwa. Maneno hayo hayamo katika baadhi ya hati za kale sana za Injili hiyo, ikiwamo Codex Sinaiticus kabla ya kusahihishwa.

Je, basi hoja ya kuinama imekufa? La. Imebaki sehemu yake yenye uzito, nayo ni mlima wa Galilaya katika Mathayo 28:17. Mathayo ni Myahudi anayeijua Torati kwa moyo. Ni yeye aliyeandika, katika 4:10, kwamba Yesu alimfukuza Shetani kwa amri ya Kumbukumbu la Torati: asujudiwe Bwana Mungu peke yake. Mwandishi huyo huyo anafunga kitabu chake kwa wanafunzi kumi na mmoja waliosujudu mlimani, wengine wakiwa na shaka, na hapo hakuna mgonjwa wala mwenye shida ya kuombewa. Yesu angeweza kuwainua. Petro alimwinua Kornelio, yule akida wa Kirumi, akimkumbusha kwamba yeye naye ni mtu tu. Huko Listra, kuhani wa Zeu alipoleta ng'ombe na mataji ya maua ili kuwatolea Paulo na Barnaba dhabihu, wao walirarua mavazi yao na kukimbilia katikati ya watu wakipiga kelele. Malaika wa Ufunuo anamkataza Yohana mara mbili. Yesu wa Mathayo hamkatazi mtu. Anawajibu, hata wenye shaka, kwamba amepewa mamlaka yote mbinguni na duniani. Kimya hicho kina maana, ingawa narudia: ni Mathayo anayetusimulia.

Ndiyo maana mimi, nikiulizwa ni wapi hasa pa kuanzia mjadala huu, siendi kwa Yohana wala kwa Mathayo. Naenda kwa Marko, Injili ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya zamani kuliko zote na ambayo ndiyo inayomwonyesha Yesu akichoka, akikasirika na kukiri kwamba saa ya mwisho haijui. Humo, katika 14:61-64, kuna swali lililoulizwa na mtu mwenye mamlaka ya kuuliza.

Ni usiku, nyumbani kwa kuhani mkuu. Marko hamtaji jina. Mathayo anasema ni Kayafa. Mashahidi wamekuja na maneno yasiyopatana. Mshtakiwa amenyamaza. Kuhani anasimama katikati na kumuuliza moja kwa moja kama yeye ndiye Kristo, Mwana wa Mbarikiwa. Yesu anajibu kwamba ndiye, kisha anaongeza jambo ambalo hakuulizwa: kwamba watamwona Mwana wa Adamu ameketi mkono wa kuume wa Uweza, akija na mawingu ya mbinguni. Kuhani anararua mavazi yake na kutangaza kwamba hawahitaji tena mashahidi, kwa kuwa wote wameisikia kufuru.

Kufuru ipi? Hapo ndipo penye kiini. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika kama mwaka 200, inaeleza kesi ya mwenye kukufuru ilivyoendeshwa. Mashahidi wanahojiwa kwa kutumia jina la bandia mahali pa Jina la Mungu. Mwishoni watu wote wanatolewa nje, na shahidi mkuu peke yake anaamriwa ayaseme maneno yenyewe kama alivyoyasikia. Waamuzi wanaposikia wanasimama kwa miguu yao na kurarua mavazi, na nguo hizo hazishonwi tena. Shahidi wa pili haruhusiwi hata kuyarudia. Anasema tu kwamba naye amesikia hivyo. Mtu hana hatia mpaka awe amelitamka Jina lenyewe. Kwa kipimo hicho Yesu hakukufuru kabisa. Kuhani alisema "Mbarikiwa", mshtakiwa akasema "Uweza". Pande zote mbili zililiepuka Jina kwa adabu ileile. Yawezekana sheria ya mwaka 200 haikuwa imekaza hivyo miaka ya 30. Hata hivyo lazima tuulize ni neno gani lililomchoma kuhani.

Haliwezi kuwa dai la umasihi. Karne moja baadaye, wakati wa vita vya mwaka 132 hadi 135 dhidi ya Warumi, Rabi Akiba alimtangaza jemadari Bar Kokhba kuwa Mfalme Masihi. Talmudi ya Yerusalemu inasimulia kwamba mwenzake alimkejeli: majani yataota mashavuni mwako, Akiba, kabla Mwana wa Daudi hajaja. Alichekwa. Hakuna aliyerarua vazi.

Lakini Akiba huyo huyo alipofasiri Danieli 7:9, panapotajwa viti vya enzi zaidi ya kimoja vikiwekwa mbinguni, akasema kimoja ni cha Mungu na kingine ni cha Daudi, yaani Masihi, mambo yalibadilika. Rabi Yose Mgalilaya alimkemea waziwazi: mpaka lini utaufanya utukufu wa Mungu kuwa kitu cha kawaida? Talmudi ya Babeli imeihifadhi kauli hiyo. Akiba alikuwa mwalimu aliyeheshimiwa kuliko karibu wote wa zama zake, tena hakumtaja mtu aliye hai. Kumpa mwanadamu kiti kando ya kiti cha Mungu kulitosha kumletea karipio.

Na Danieli 7 ndiyo sura ambayo Yesu aliitumia kumjibu Kayafa, akiiunganisha na Zaburi 110, ile ya kuketi mkono wa kuume. Msomaji akifungua Danieli ataona kwamba yule aliye mfano wa mwanadamu anakuja na mawingu mpaka kwa Mzee wa Siku, anapewa ufalme, na watu wa kabila zote na lugha zote wanamtumikia. Utumishi huo unatajwa kwa neno lile lile ambalo sura ya 3 inatumia kueleza kitu ambacho Shadraka, Meshaki na Abednego walikataa kuipa sanamu ya dhahabu, wakakubali kutupwa katika tanuru. Kuhani mkuu hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Mbele yake amesimama fundi wa Nazareti, amefungwa, hana mwanasheria wala jeshi, naye anaiambia mahakama kwamba siku moja itamwona kwenye kiti hicho.

Zipo pingamizi, na si ndogo. Kitabu cha Henoko, ambacho Kanisa la Tewahedo la Ethiopia linakihesabu kuwa Maandiko hadi leo, nacho kinamkalisha Mwana wa Adamu kwenye kiti cha utukufu na kuwaangusha wafalme mbele yake. Kwa hiyo baadhi ya Wayahudi waliweza kuwaza hivyo bila kuacha kuamini Mungu mmoja. Nakubali. Ila Henoko anazungumzia mtu wa maono, aliyefichwa kwa siku za mwisho. Hamsemi jirani wa mtu.

Pingamizi la pili ni la mwanahistoria: nani alisikia? Wanafunzi walikimbia, na Petro alikuwa uani akiota moto. Yusufu wa Arimathaya alikuwa mjumbe wa baraza, kwa mujibu wa Marko 15:43, na angeweza kusimulia, ingawa Marko hasemi kwamba alifanya hivyo. Isitoshe, anwani ya mashtaka juu ya msalaba ilisema "Mfalme wa Wayahudi", shtaka la siasa linalomhusu Pilato, wala haikutaja kufuru. Mimi naona shtaka la Pilato lina uhakika mkubwa zaidi kihistoria, na kesi ya usiku tunaipokea kama ushuhuda wa kanisa la kwanza juu ya kile lililoamini kwamba Yesu alikisema.

La tatu ni zito kuliko yote. Katika Danieli na katika Zaburi, anayeketi si yeye anayekalisha. Mmoja anatoa, mwingine anapokea. Mkristo anayehubiri kwamba Yesu ndiye Baba mwenyewe anapingwa na jibu hili hili analolitegemea. Tena mshtakiwa yule hakumwambia mtu yeyote amwabudu. Qurani, katika Sura al-Maida 5:116, inamwonyesha Isa akikana kwamba aliwaambia watu wamfanye yeye na mama yake kuwa miungu wawili kinyume cha Mwenyezi Mungu. Neno analolikana humo, hata ndani ya Marko halimo. Anachokisema Marko ni kwamba Yesu alidai kushirikishwa kiti ambacho Torati na manabii hawakukigawa kwa yeyote aliye hai. Hapo ndipo Mwislamu na Mkristo wanapotofautiana kwelikweli, na huko ndiko ningependa wahadhiri wetu wapeleke nguvu zao, waiache Yohana 10:30 ipumzike.

Wiki ijayo: barua ya Paulo kwa Wafilipi, barua ya gavana Plinio kwa Kaisari Trajano, na lile dai kwamba uungu wa Yesu ulipigiwa kura Nikea mwaka 325.