Onyo likae kabla ya kitufe: jinsi tulivyoandika upya mwongozo wa kulipa watu wengi

Mwisho wa mwezi simu za huduma kwa wateja hazipumziki. Wengi wanaopiga ni wenye biashara, na swali ni lilelile: "Nimelipa wafanyakazi wote kwa mara moja, mbona wengine hawajapata?"

Mteja mmoja mwenye shamba la chai alitupigia jioni ya siku ya malipo. Alikuwa amefuata mwongozo wetu hatua kwa hatua: akaandaa faili la Excel, akaliingiza kwenye mfumo, akaweka PIN, akabonyeza "Tuma". Vibarua wake wakabaki wanasubiri. Kumbe nambari za simu zilikuwa zimeharibika ndani ya faili, hata kabla hajafungua ukurasa wetu.

Onyo kuhusu jambo hilo tulikuwa tumeliandika, lakini tuliliweka hatua ya tisa. Kitufe cha "Tuma" kilikuwa hatua ya sita. Nani atasoma onyo la hatua ya tisa wakati pesa imeshaondoka? Kosa hilo lilikuwa letu, si lake. Basi tukakaa chini tukaandika upya.

Nambari huharibika vipi?

Excel huchukulia tarakimu kuwa hesabu. Ukiandika nambari inayoanza na 07, ile sifuri ya mbele inatupwa, maana kwenye hesabu haina kazi. Ukianza na 254, nambari inakuwa na tarakimu 12, na Excel huionyesha kwa ufupi, kitu kama 2.54712E+11. Ukihifadhi faili hilo kama CSV likiwa hivyo, kinachobaki ni ule ufupisho. Ukilifungua tena, tarakimu sita za mwisho zimegeuka sifuri.

Hapo ndipo hatari ilipo. Nambari bado ina tarakimu 12 na bado inaanza na 254. Ukiitazama haraka utadhani iko sawa, kumbe si ya mtu wako.

Fanya hivi

1. Kabla ya kuandika nambari yoyote, chagua safu nzima ya nambari za simu, kisha uibadilishe iwe "Text". Ndivyo neno hilo linavyosomeka kwenye Excel.
2. Andika nambari zote zikianza na 254. Hesabu tarakimu: ziwe 12.
3. Hifadhi faili kama CSV. Ukishahifadhi, usilifungue tena kwa Excel na kulihifadhi, kwa sababu nambari zitaharibika upya. Ukitaka kurekebisha, rudi kwenye faili la kwanza.
4. Weka faili kwenye mfumo. Simama hapo. Soma majina yanayotokea kando ya kila nambari. Jina usilolijua, futa mstari huo kwanza.
5. Linganisha jumla ya pesa na daftari lako.
6. Ndipo uweke PIN na kubonyeza "Tuma".

Na ikiwa pesa imeshaenda kwa mtu mwingine? Tupigie mara moja ukiwa na msimbo wa muamala ulio kwenye SMS. Usingoje kesho. Aliyepokea akishazitoa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu sana.

Tulichojifunza sisi wenyewe

Zamani ukurasa huo uliitwa "Usimamizi wa Malipo ya Jumla". Ni jina tulilolizoea ofisini, lakini hakuna mteja aliyewahi kutupigia akalitamka. Sasa unaitwa "Nataka kulipa wafanyakazi kwa pamoja", kwa sababu ndivyo mnavyouliza.

Pia tulimwomba dada mwenye duka jirani na ofisi yetu ajaribu mwongozo mpya, nasi tukakaa kimya tukitazama. Alipofika penye "Pakia faili" akatuuliza, "Napakia wapi, kwa lori?" Tulicheka, lakini alikuwa na haki. Kwake yeye, kupakia ni kazi ya magunia. Tukabadilisha kitufe kikawa "Weka faili", na mwongozo ukatumia maneno hayohayo. Neno likiwa moja kwenye skrini na lingine kwenye maelezo, msomaji hudhani amepotea njia.

Ukiwa na duka na unamwachia kijana wako maelekezo ya kupokea malipo, jaribu njia hiyohiyo. Andika jambo moja kwa kila mstari. Tumia maneno yaliyo kwenye simu yake. Na "angalia SMS ya malipo imeingia kwenye simu ya duka" iandikwe kabla ya "mpe mteja bidhaa", si baada yake. Kisha mpe asome mbele yako, wewe unyamaze. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha.

Nasi bado tunarekebisha. Ukikwama kwenye mwongozo wowote, tupigie utuambie ni hatua ya ngapi. Hatutakuuliza PIN yako kamwe, na yeyote anayekuuliza, hata akijitambulisha kwa jina letu, kata simu.